Kiingereza cha intaneti Mikumi na Kilosa: sauti yaishinda video kwa bei

MIKUMI – Wenye mitaji midogo wanaofikiria kufungua vituo vya kufundisha Kiingereza kwa njia ya intaneti katika miji ya Mikumi na Kilosa, mkoani Morogoro, wanashauriwa kupiga hesabu ya megabaiti kabla ya hesabu ya kompyuta. Tofauti ya gharama kati ya somo la video na somo la sauti inatosha kuamua iwapo kituo kitafunga mwaka kwa faida au kwa madeni.

Mahitaji yapo. Mji wa Mikumi umekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ambayo inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kitaifa, watalii kutoka nje waliongezeka kutoka 1,808,205 mwaka 2023 hadi 2,141,895 mwaka 2024. Wengi wao bado huelekea kaskazini na Zanzibar, lakini Mikumi ina faida ya kufikika kwa gari kutoka Dar es Salaam bila kulala njiani. Aidha, treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, na Kilosa ni moja ya stesheni zake.

Kijana anayetaka kazi ya kuongoza wageni au kuhudumia meza hotelini hushindana na wenzake waliosomea kazi hiyo Arusha na Moshi. Akishindwa kueleza kwa Kiingereza kwa nini tembo amepanua masikio, nafasi humwendea mwingine, pamoja na bakshishi yake. Lakini soko si la watalii peke yao, jambo ambalo hupuuzwa na wanaodhani Kiingereza ni cha mzungu mwenye kamera tu. Malori ya Zambia na Malawi hupita Mikumi, na Kiingereza ni lugha ya kiserikali katika nchi hizo mbili. Fundi wa gereji anayeelewa dereva analalamikia breki au klachi hapotezi muda, wala hafungui kisichoharibika.

Kundi la tatu ndilo lenye mlipaji wa uhakika zaidi, yaani mzazi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta jiografia na baiolojia zikifundishwa kwa Kiingereza. Kati ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Septemba, na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza, Januari, kuna zaidi ya miezi mitatu ambayo mtoto yuko nyumbani. Kwa Kilosa, yenye ofisi za wilaya na watumishi wa umma, huu ndio msimu wa kuuza.

Sasa gharama. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 3 kwa megabaiti moja. Msomaji aweke bei ya bando lake. Masomo ya saa 3 kwa wiki ni saa 12 kwa mwezi. Somo la video la moja kwa moja, lenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, hula MB 450 kwa saa. Kwa mwezi ni MB 5,400, yaani shilingi 16,200 kwa kila mwanafunzi anayetumia simu yake. Kama ada ni shilingi 10,000, bando linazidi ada. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo hutosha kabisa kwa maneno, ni chini ya MB 29 kwa saa. Saa 12 ni takriban MB 346, au shilingi 1,040.

Mwenye kituo anaweza kujibu kwamba atawakusanya wanafunzi 20 mbele ya televisheni moja, hivyo video itamgharimu shilingi 810 kwa kichwa. Hesabu hiyo ni sahihi siku ambayo mtandao ni mzima na umeme haujakatika. Sauti, kwa upande wake, hupakuliwa mara moja kwa shilingi 1,040 na kugawiwa kwa wote 20 kwa memori kadi. Mwanafunzi huondoka nayo na kuisikiliza tena nyumbani, hata kwenye kitochi.

Kufundisha bila mtandao kulikwisha kupimwa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka kompyuta bapa katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, zikichajiwa kwa jua, na watoto wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 mwaka 2019. Lugha ilikuwa nyingine, ila utaratibu ni uleule: somo likae ndani ya chombo.

Kuhusu bidhaa yenyewe, tahadhari ni hakimiliki. Masomo ya BBC Learning English husikilizwa bure, lakini kuyanakili na kuyauza ni jambo jingine. Masomo ya Kiingereza cha polepole ambayo Sauti ya Amerika ilianza kuyatangaza Oktoba 1959, yenye msamiati wa maneno kama 1,500, kwa sehemu kubwa ni mali ya umma. Hata hivyo, wafanyakazi wa shirika hilo walisimamishwa Machi 2025, hivyo asitegemewe kama muuzaji wa bidhaa mpya, yaliyopo yapakuliwe. Kwa watoto wa sekondari, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada.

Sauti peke yake haisahihishi matamshi. Programu za mazungumzo za akili bandia, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, hujibu kwa maandishi yanayotumia data kidogo sana, na zinafaa kwa mazoezi ya kuandika. Kwa kuongea, bado anahitajika mwalimu wa kukaa na wanafunzi. Mshahara wake ndio gharama ambayo haikwepeki, na anayeuondoa kwenye mpango wake atapoteza wateja ndani ya mwezi wa pili.

Kwa Kilosa, chumba kisikodishwe bondeni kwa sababu tu kodi ni ndogo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa hata reli. Kwa Mikumi, asiweke mtu fedha kwa kutegemea mradi wa wafadhili: REGROW, mradi wa dola milioni 150 wa kukuza utalii wa kusini ikiwemo Mikumi, ulisimamishiwa fedha na Benki ya Dunia Aprili 2024.

Wageni wa Mikumi huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba. Waongozaji na wahudumu huwa na nafasi ya kusoma wakati wa masika, Machi hadi Mei, ambapo mifuko yao pia huwa mitupu. Kituo kinachokubali ada ya shilingi 2,500 kwa wiki kwa njia ya simu kitawapata. Kinachodai miezi mitatu kwa mkupuo kitawasubiri hadi Julai, wakiwa kazini.