Seva ya Barua Pepe Inapokuwa Nzito

Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na magari hukwama Magomeni na Fire. Kuongeza mabasi hakusaidii, kwa sababu kilichoziba ni njia. Seva inayotuma ujumbe mmoja kwa wanachama wengi nayo huziba mahali fulani.

Chukulia kamati ya mtaa imetuma tahadhari ya mafuriko saa 12 jioni, ikawafikia wakazi saa 4 usiku, maji yakiwa yameshaingia ndani. Ungeanzia wapi?

1. Foleni: Programu kama Mailman hupokea ujumbe, kisha huukabidhi kwa programu ya kusafirisha barua. Foleni ya kuingia ikijaa, chunguza Mailman yenyewe. Foleni ya kutoka ikijaa, chunguza usafirishaji.

2. Anwani: Kabla ya kutuma, seva huulizia mahali ilipo seva ya mpokeaji. Isipojibiwa, husubiri hadi muda uishe, kisha hujaribu tena baadaye. Ondoa anwani zilizokufa.

3. Kumbukumbu: RAM ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Funga programu zisizohitajika au ongeza RAM.

Rekebisha jambo moja, pima tena, ndipo uende la pili.

Zingatia: Ukiulizwa swali hili, usikimbilie kuandika "nunua kompyuta mpya". Taja kwanza palipoziba, eleza ulivyopagundua, kisha toa dawa yake.

Jipime: Foleni ya kuingia ni tupu, ya kutoka imejaa. Utachunguza nini kwanza? Kwa nini?