Mpira Umepanda Bei: Nani Analipa Nyumbani Kwenu?

Kifurushi kimekata, mechi kubwa ni kesho, na mshahara bado. Kabla hujamnunia mwenzako, jua kwanza hiyo bei ilipangiwa wapi.

Zamani ugomvi wa ndani ya nyumba ulikuwa na sababu zake zinazojulikana: hela ya matumizi, mawifi, simu inayoita usiku wa manane na mtu anaenda kuipokelea uani. Siku hizi kuna mgeni mwingine amekaa sebuleni, kimya, na taa yake ndogo nyekundu chini ya luninga. Anaitwa kisimbuzi. Hali ugali wala hanywi chai, lakini kila mwezi anadai chake, na asipopewa hana haya, anakuzimia picha mbele ya wageni.

Chukua mfano wa wanandoa vijana hapa Songea, tuseme wanaishi Msamala. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ni muuguzi. Wana mtoto mmoja, wamepanga chumba na sebule, na kuna kiwanja wanakilipia kidogo kidogo huko Mshangano. Baba ni Yanga damu, na Ulaya ni Arsenal. Mama ni Simba, na tamthilia yake ya usiku haimpiti. Sasa piga hesabu. Ligi Kuu ya Bara iko Azam. Ligi ya England iko SuperSport, ambayo kwetu inaingia kwa DStv. Kwa hiyo watu wawili na mtoto wao wana madishi mawili juu ya bati la mwenye nyumba, visimbuzi viwili, remoti mbili na malipo mawili. Hapo LUKU hujaigusa.

Baba akilipa bila kusema, mama anaona amedharauliwa. Mama akikataa, baba anaondoka kwenda kutazama kwa jirani, na kwa jirani huko ndiko maneno yanakoanzia. Wengi wanadhani ni tabia ya mtu: huyu mbahili, yule hajali familia. Tabia ipo, sikatai. Lakini kuna mkono mwingine ndani ya jambo hili, tena mrefu, na wenyewe hauijui hata Songea iko upande gani wa ramani.

Mnada wa London, malipo ya Msamala

Ligi Kuu ya England ilipoanza mwaka 1992, haki za kuionyesha kwenye luninga za Uingereza ziliuzwa kwa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Februari 2015, haki hizohizo ziliuzwa kwa pauni bilioni 5.136, na safari hii kwa misimu mitatu tu. Ukigawa kwa mwaka, bei imepanda karibu mara 28. Hakuna mshahara wa mwalimu uliopanda namna hiyo, wa huku wala wa huko.

Na hizo ni za Uingereza peke yake. Sisi wa nje tunauziwa kivyetu. Mnada wa Uingereza ulipoanza kupoa baada ya hapo, wenye ligi wakageukia nje, na katika mikataba iliyoanza msimu wa 2022/23 hela ya nje ikaipita ile ya nyumbani kwao. Maana yake mtazamaji wa Songea, wa Lagos na wa Bangkok si wa kupewa makombo tena. Yeye ndiye mteja anayetegemewa.

Kwa nini wanafika bei hizo? Kwa sababu kituo hakinunui mpira tu, kinanunua na ukimya wa wenzake. Mechi ikionekana kila mahali, nani atanunua kisimbuzi chako? Ndiyo maana kila mwenye nacho anataka apewe peke yake, na anayetaka peke yake lazima apande dau mpaka wenzake wachoke. Baadaye hela hiyo inatafutwa kwako, mwezi baada ya mwezi. Mechi kubwa nyingi huwekwa kwenye vifurushi vya juu, kwa hiyo ukipandisha kifurushi kwa ajili ya Arsenal unabeba na lundo la chaneli ambazo hutazifungua mpaka kifurushi kikate.

Halafu kuna suala la dola. Haki za Ulaya zinalipwa kwa fedha za kigeni, wewe unalipa kwa shilingi. Mwaka 2007 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,250. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Hata kama Waingereza wasingeongeza senti moja, kwetu bei ingekuwa imepanda tu.

Wapo waliojaribu kutuuzia rahisi. Wenye umri kidogo watakumbuka GTV. Ilikuja 2007, ikachukua sehemu kubwa ya mechi za England kwa nchi zetu za Afrika, na ikauza kifurushi kwa bei ambayo hata kijana wa kuanza kazi aliimudu. Watu wakashangilia, wakanunua dikoda. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni ikafilisika, matangazo yakakatika katikati ya msimu, na dikoda zikabaki mapambo chini ya vitambaa vya mashona. Usidhani ni mkosi wa Waafrika. Juni mwaka huohuo Setanta nayo ilianguka huko Uingereza kwa mzigo wa namna ileile: haki za mpira ghali, wateja hawatoshi.

Hata wakubwa wanaumia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, MultiChoice, wenye DStv, walipoteza wateja milioni 1.2 na kubaki na milioni 14.5. Septemba mwaka huo Canal+ ya Ufaransa ikawachukua. Kwa hiyo shosti, ukiona mumeo anaguna anapolipa, jua kuna watu zaidi ya milioni moja walioguna kabla yake, wakaacha.

Uwanja tunao, ligi iko kwenye luninga

Hapa ndipo habari inapoiuma Songea kuliko miji mingi. Sisi si wageni wa mpira. Majimaji, Wanalizombe wenyewe, walitwaa ubingwa mara tatu: 1985, 1986 na 1998. Enzi hizo Jumapili ya mechi ilikuwa mtoko. Mtu alivaa vizuri, akamchukua mchumba wake, wakashuka hadi Uwanja wa Majimaji, wakala mahindi ya kuchoma, wakapiga kelele pamoja na kurudi pamoja. Ndoa ngapi za mji huu zilianzia pale jukwaani, wazee wenyewe ndio wanajua.

Majimaji ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015, watu wakafufuka. Msimu wa 2017/18 ikashuka. Miaka mitatu baadaye, Mei 2021, TFF na Azam Media wakasaini mkataba wa haki za Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fungu liliponenepa, Songea haikuwa mezani. Tunalipia kisimbuzi kama watu wa Dar na Mwanza, hela inakwenda kwa klabu za miji mingine, na sisi tunatazama.

Simlaumu Azam. Klabu zetu zilitegemea kiingilio cha mlangoni, na kiingilio cha mlangoni mvua ikinyesha hakipo. Mkataba wa namna hii unazisaidia kulipa mishahara na nauli. Nasema tu kwamba kilichokuwa mtoko wa watu wawili kimegeuka malipo, na malipo hayo yanawatenganisha: mmoja sebuleni, mwingine kibandani.

Saa saba usiku

Kibanda umiza, kwa asiyekijua (yupo kweli?), ni banda la mabati, mabenchi ya mbao, luninga moja au mbili, na joto la watu mia. Kiingilio jero, au buku kama mechi ni nzito. Kinaonekana rahisi kuliko kifurushi, na mara nyingi ni rahisi kweli. Lakini mtu anayekwenda mara tatu kwa wiki kwa buku anatumia shilingi 12,000 kwa mwezi, kabla ya soda, karanga na bodaboda ya kurudi. Na karibu na kibanda huwa pana sehemu ya kubetia. Mkeka ndio unaokula zaidi, na mkeka haumo kwenye hesabu anayoitaja nyumbani.

Kubwa zaidi ni saa. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya kwetu zinaanza saa nne usiku au saa tano kutegemea majira yao, na zile za saa tano zinaisha karibu na saa saba. Jumanne, Jumatano. Mama yuko peke yake na mtoto, geti halijafungwa, simu inaita haipokelewi. Akirudi anasema mpira uliongezwa dakika. Dada yangu, mechi ya kawaida ya ligi haina nyongeza ya nusu saa. Hilo lijue.

Na wewe kaka, usijifanye hukusikia. Mkeo halalamikii Arsenal. Analalamika kwa kuwa hajui ulipo, na hela iliyoondoka hakuambiwa. Ukimweleza Jumatatu kwamba wiki hii una mechi moja ya usiku, unatoka saa fulani na unarudi saa fulani, nusu ya ugomvi imekwisha kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Vilevile, dada, tamthilia nayo inalipiwa. Haina mnada wa London, lakini imo kwenye kifurushi hichohicho, na mwenye remoti saa mbili usiku ni wewe.

Msimu wa mpira na msimu wa mbolea

Watu wa Ruvuma wana kalenda yao, na wenye visimbuzi hawaijui. Hapa hata mwenye ajira ana shamba, iwe la kwake au la wazazi kule kijijini. Mahindi yanavunwa kati ya Mei na Julai, yanauzwa, na Agosti mifukoni kuna kitu. Hapohapo ligi za Ulaya zinaanza. Kila mtu analipia kifurushi kikubwa kwa kifua mbele. Inapofika Novemba mvua inakaribia, hela yote iko kwenye mbegu na mbolea, na ligi ndiyo kwanza imechanganya. Ugomvi mwingi unaangukia hapo, kuelekea Januari, na ada za shule zinapigilia msumari.

Sasa kifurushi si ndoa. Hulazimiki kubaki nacho mwaka mzima. Kaeni chini Agosti na ratiba mkononi, mchague miezi ya kulipia kikubwa na miezi ya kushuka. Novemba hadi Januari unaweza kushuka hadi cha chini, mechi nzito ukazifuata kibandani kwa ruhusa, tena si kwa kutoroka. Machi hadi Mei ubingwa unapoamuliwa, pandeni tena. Visimbuzi viwili kwa wakati mmoja nadhani ni anasa kwa nyumba ambayo kiwanja chake hakijaisha kulipiwa. Chagueni: mwezi huu Azam, mwezi ujao DStv. Atakayeumia leo atacheka kesho.

Msilipe kwa kukurupuka kwa ajili ya mechi moja. Machi 8, 2025 ilikuwa siku ya dabi ya Kariakoo. Watu walilipia, wakaalika marafiki, wengine wakachinja kuku. Siku hiyohiyo mechi ikaahirishwa, na ikaja kuchezwa Juni 25. Kifurushi cha Machi kilikuwa kimekata zamani. Mashindano makubwa nayo yana vituko vyake. Kabla ya AFCON ya Ivory Coast kuanza Januari 2024, SuperSport walitangaza kwamba hawana haki za kuyaonyesha, na makubaliano na New World TV ya Togo, waliokuwa nazo, yalipatikana zikiwa zimebaki siku chache tu. Taifa Stars walikuwa wamefuzu. Fikiria umelipia mwezi mzima ukiwasubiri.

Kuna wanaochangishana majirani wanne, dikoda ikakaa nyumba moja. Kutazama pamoja kama marafiki hakuna neno. Ukianza kutoza kiingilio kwa kifurushi cha nyumbani, hiyo ni biashara na ina kifurushi chake, usije ukajikuta unajieleza. Halafu fikiria na mwenye nyumba hiyo: mke wake ndiye atakayepika chai ya wanaume wanne kila Jumamosi. Aliulizwa?

Swali la nani alipe halina jibu moja. Wapo wanaogawana nusu kwa nusu, wapo ambao baba analipia mpira na mama analipia umeme unaouwasha. Mimi napenda zaidi utaratibu wa kuiweka hela ya kisimbuzi kwenye bahasha moja na kodi na mkaa, ionekane na wote, ili ikipungua wote wajue imepungukia wapi. Na kwa nyumba zenye Simba na Yanga chini ya bati moja, kuna njia ya haraka: timu iliyofungwa dabi, shabiki wake analipa mwezi unaofuata. Ile ya Juni 25, 2025 iliisha Yanga 2, Simba 0.