Nyumba ya kuishi, kuta zenye macho

Fundi wa Kanyakine anajua kujenga nyumba ya mtu kukaa. Anajua pia kusimamisha jukwaa la harusi Jumamosi na kulibomoa Jumapili. Sasa mwambie akujengee kitu kimoja ambacho ni vyote viwili. Atakuuliza kama uko sawa.

Nyumba kama hiyo ipo, na wengi wetu tumeitazama hadi usiku wa manane. Shindano la Big Brother lilianzia Uholanzi mwaka 1999, likafika Afrika 2003, Kenya ikiwakilishwa na Alex Holi. Awamu hiyo ya kwanza ilidumu siku 106.

Siku 106, jamani! Kwa mchezo wa kuigiza, mlango ukichorwa tu ukutani hakuna anayelalamika. Lakini hapa watu wanalala, wanapika, wanaoga, wanagombana. Lazima choo kishushe maji na bomba lisivuje, kwa sababu fundi hawezi kuingia na spana yake wakati kipindi kinaendelea.

Ujanja mkubwa uko kwa vioo. Nyuma yake kuna ujia mwembamba wenye giza, na humo ndimo wapigapicha hupita wakiwa wamevaa nguo nyeusi. Kioo hicho hakina uchawi wowote. Kinamficha mpigapicha mradi tu upande wa washiriki uwe na mwanga mwingi kuliko upande wake. Akiwasha simu acheki meseji, ameonekana. Ndiyo maana nyumba hizo hung'aa vile. Hata sofa haziwekwi ovyo ovyo. Hupangwa ili nyuso zielekee kamera.

Lakini changanya sasa taa nyingi, nyaya, mbao na sponji za viti. Septemba 2014, siku chache kabla ya awamu ya Hotshots kuanza, nyumba ya Big Brother Africa iliteketea jijini Johannesburg. Ilibidi itafutwe nyumba nyingine, na shindano likasogezwa hadi Oktoba 5. Siku 91 zilizopangwa zikawa 63. Idris Sultan wa Tanzania ndiye aliyeibuka mshindi na kubeba dola 300,000.

Sisi tulikumbuka Idris. Mafundi waliokimbizana na saa, nani anawataja? Na kazi yao ni ileile vijana wetu wanafanya kila siku hapa Imenti Kusini: jipsam, stima, mabomba, rangi. Tofauti ni kwamba huko fundi wa stima hukaa meza moja na mpigapicha kabla msumari wa kwanza haujagongwa. Huku anaitwa ukuta ukishapigwa plasta, aanze kuutoboa upya.

Ukitaka kuonja kazi hiyo, huhitaji studio. Giza likiingia leo, washa taa sebuleni, fungua pazia, kisha toka usimame nje karibu na migomba. Utawaona wote waliomo ndani. Waulize baadaye kama kuna aliyekuona.