Mwongozaji wa Jukwaa na Mpangaji wa Ngoma katika Vikundi vya Dar es Salaam

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na kwao ni Italia, ambako Orfeo ya Claudio Monteverdi ilichezwa mjini Mantua mwaka 1607. Kwa muda mrefu hapakuwapo mtu mwenye cheo cha kuongoza jukwaa peke yake. Mtunzi wa maneno au mkuu wa waimbaji ndiye aliyeamua nani asimame wapi. Mwongozaji anayejitegemea ni mtu wa karne ya 19 na ya 20, naye kwa kawaida hutengwa na mpangaji wa ngoma. Wachache wameziunganisha kazi hizo mbili mkononi mwa mtu mmoja, kama Pina Bausch alipoitengeneza upya Iphigenie auf Tauris ya Gluck huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1974.

Dar es Salaam haina jumba la opera. Hata hivyo mtu wa namna hiyo, mwenye kuongoza igizo, wimbo na ngoma kwa pamoja, amekuwapo mjini humo kwa miaka mingi, na mahali pake pa kazi palikuwa ni kumbi na mabaa ya Temeke, Magomeni, Mwananyamala na Kinondoni. Baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa na Chuo cha Sanaa kufunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, vikundi vya mashirika na vya watu binafsi ndivyo vilivyobaki kuwaburudisha wakazi wa mji. Muungano, kikundi cha Norbert Chenga, kilikuwa miongoni mwa vilivyovuma. Mwaka 1992, siasa ya vyama vingi iliporudi, Chama cha Mapinduzi kikaanzisha Tanzania One Theatre, yaani TOT, chini ya Kapteni John Komba, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanajeshi.

Mtu aliyelipa kiingilio siku ya mwisho wa juma alionyeshwa mambo mengi kwa mfululizo: ngoma za makabila, sarakasi, kichekesho, igizo refu, na hatimaye taarab, ambapo watazamaji huinuka mmoja mmoja kwenda kutunza. Maigizo hayakuwa na maandishi. Kiongozi aliwasimulia wachezaji kisa, akawagawia nafasi, nao wakajitafutia maneno mazoezini, na wakayabadili tena mbele ya watu kulingana na kicheko walichokipata. Hapo kazi hii yaachana na opera, ambayo nota na maneno yake huwa tayari kabla mwongozaji hajaitwa.

Ugumu wenyewe ulikuwa katika ngoma. Sindimba ya Wamakonde au lizombe ya Wangoni kijijini huchezwa katika duara, kwa saa nyingi, na anayetazama aweza kuingia akacheza. Jukwaani duara halifai, kwa kuwa nusu ya wachezaji huwapa watu mgongo. Basi mpangaji huukata mviringo, huwapanga wachezaji kwa mistari inayoelekea upande mmoja, hufupisha ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika chache, na huamua hatua ipi irudiwe na ipi iachwe. Wako wanaosema kwamba hivyo ndivyo ngoma zilivyoharibiwa. Shutuma hiyo ina uzito, lakini yasahau kwamba ngoma za nchi hii hazikungoja jukwaa ndipo zibadilike. Mganda wa mwambao wa Nyasa uliazima mistari na mwendo wake kutoka gwaride la askari wa kikoloni, kama ilivyofanya beni ya pwani kabla yake. Komba, ambaye kwao ni huko huko Nyasa, alikuwa mwenyewe mtu wa gwaride.

Kuhusu jina la kazi, lugha haijakata shauri. Kiongozi, au kirongozi, alikuwa yule aliyetangulia msafara wa bara na bendera mkononi. Kuongoza, kwa asili yake, ni kwenda mbele na kufuatwa. Lakini huyu wa jukwaani hukaa kando, haonekani. Kwa sababu hiyo mwelekezi, neno linalotumiwa Kenya kwa watu wa filamu, lina maana iliyo karibu zaidi, kwani mwenye kuelekeza si lazima aende. Kwa upande wa ngoma yako maneno ya zamani, manju na sogora, ila manju ni mtunzi na mwimbaji, na sogora ni bingwa wa kupiga ngoma. Hakuna kati yao apangaye miguu ya wengine. Kwayani na katika taarab watu husema mwalimu, na mkuu wa kikundi ni mkurugenzi.

Mashindano ya Muungano na TOT yalijaza kumbi katika miaka ya 1990, hasa Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja, alipoimba upande wa TOT, na Nasma Khamis upande wa Muungano. Mipasho ikawavuta watu kuliko ngoma, na saa za ngoma zikapungua. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Baada ya miaka michache maigizo yakawa yanatazamwa nyumbani bila kiingilio, na waigizaji wakayafuata huko.

Komba aliingia Bungeni mwaka 2005 kwa jimbo la Mbinga Magharibi, akafariki tarehe 28 Februari 2015. Nyimbo za maombolezo alizoziongoza Mwalimu Nyerere alipofariki, Oktoba 1999, zimehifadhiwa katika kanda na bado husikika redioni. Mipango ya ngoma na ya maigizo ya vikundi hivyo haikuandikwa. Wachezaji wa miaka ile wangali wapo Temeke na Kinondoni, wengine wakiwa watu wazima wenye wajukuu, na wanaweza kuulizwa.