Kabla Kundi Halijafunga Safari ya Gofu

Wakazi wa Soin wanaocheza gofu, au wanaotamani kuanza, wamekaa mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu inapita eneo lao. Ukipanda kupitia Kapsoit unafika mjini Kericho, kwenye uwanja wa gofu ulio kati ya mashamba ya majani chai. Ukishuka kupitia Awasi na Ahero unafika Kisumu, kwenye Nyanza Golf Club. Ng'ambo ya bonde, juu katika Kaunti ya Nandi, kuna Nandi Bears Club, iliyopewa jina la mnyama wa kutisha ambaye wazee wengi wa Kikalenjin wanamjua kwa jina la chemosit. Zote tatu zinafikika na kurudi siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, makundi ya marafiki hufunga safari, yakachanga nauli na mafuta, kisha yakazuiwa langoni. Mara nyingi chanzo ni kutoelewa uwanja ni wa nani.

Katika nchi nyingine kuna viwanja vya gofu ambavyo kwa kweli ni mali ya umma. Uwanja maarufu kuliko wote duniani, Old Course wa St Andrews huko Scotland, uko kwenye ardhi ya umma na unasimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1974. Mtu asiye mwanachama wa klabu yoyote anaweza kuomba nafasi kwa kura, na kwa kawaida Jumapili gofu haichezwi. Wenyeji hutembea humo na mbwa wao. Jimboni New York, Marekani, uwanja wa Bethpage Black umo ndani ya hifadhi ya jimbo. Uliandaa mashindano ya U.S. Open mwaka 2002 na 2009, na bado mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo kuliko mgeni. Watu hulala ndani ya magari yao usiku kucha wakingojea nafasi ya alfajiri.

Kenya mambo ni tofauti. Viwanja vingi ni vya klabu za wanachama. Vya ukanda wa majani chai vilitokana na walowezi na kampuni za chai wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo kama mbeba mifuko au mkata nyasi tu. Ndiyo maana hadi leo wazee wengi huupita ua wa uwanja bila kufikiri kwamba mtoto wao anaweza kucheza ndani yake. Siku hizi klabu nyingi hupokea wageni wanaolipa ada ya kucheza kwa siku, bila kuwa wanachama. Lakini kupokelewa kwa mgeni ni ruhusa ya wenye klabu, si haki ya raia, na ruhusa huombwa mapema. Jijini Nairobi, uwanja wa Golf Park ulio ndani ya Ngong Racecourse ndio ulio karibu zaidi na mtindo wa umma: mchezaji analipa, anacheza, anakwenda zake.

Kwa hiyo simu kwa ofisi ya klabu ndiyo hatua ya kwanza, na ipigwe angalau wiki moja kabla ya safari. Kundi liulize kama siku hiyo kuna mashindano, kwa kuwa Jumamosi nyingi viwanja hujaa wanachama. Liulize kama mgeni anahitaji kuletwa na mwanachama, ada ni kiasi gani kwa Mkenya asiye mwanachama, na kama lazima kila mchezaji awe na handikapu. Mavazi nayo yasidharauliwe. Fulana isiyo na kola, suruali ya jinzi na malapa vimewarudisha wengi nyumbani.

Handikapu inawatatiza wengi, ingawa si jambo gumu. Ni namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, ili fundi na mwanafunzi waweze kushindana kwa haki. Tangu mwaka 2020 dunia nzima ina utaratibu mmoja, na kiwango cha juu kabisa ni 54, kwa wanaume na wanawake. Viwanja navyo hupimwa ugumu. Uwanja wa wastani hupewa 113, na mgumu zaidi hufika 155. Mwenye handikapu ya 20 akienda kwenye uwanja wa mashimo 18 uliopimwa 130, hesabu ya msingi humpa takriban mapigo 23 ya nyongeza badala ya 20. Asiyelijua hilo anaweza kudhani kipaji kimemponyoka njiani, kumbe ni uwanja tu.

Tena kuna mwinuko. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mpira huruka mbali zaidi. Pigo la mita 150 pale pwani linaweza kufika kama mita 160 Kericho. Anayejifunzia Kericho akishuka Kisumu, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ataona mipira yake ikianguka kabla ya kufika alipokusudia. Akienda Mombasa Golf Club, ambako uwanja uko kando ya mwamba wa bahari, tofauti ni kubwa zaidi na upepo hauna huruma. Mtu wa Soin yuko kati kwa kati, na huenda akazoea upesi kuliko mwenzake wa juu.

Mvua ya Kericho wanaijua wote: asubuhi jua, alasiri ngurumo na pengine mvua ya mawe. Kundi lianze kabla ya saa mbili asubuhi. Radi ikisikika, wachezaji wana ruhusa ya kanuni kusimamisha mchezo wenyewe bila kusubiri amri, na waondoke uwanjani mara moja. Mtu aliyesimama mahali peupe akiwa ameinua chuma mkononi hana pa kujificha, na chini ya mti ni pabaya zaidi. Huko Kisumu hatari iliyotia fora ni nyingine. Husimuliwa kwamba kanuni za zamani za klabu ziliruhusu mpira ulioangukia karibu na kiboko au mamba uachwe hapo hapo, mchezaji aangushe mwingine bila adhabu.

Kuhusu usafiri, matatu ya abiria 14 haibebi wachezaji 14. Mifuko ya gofu ni mirefu na inakula viti. Wanane wanatosha vizuri, nao hugawanyika makundi mawili ya wanne wanne, idadi ambayo viwanja hupendelea. Fedha zichangwe kwa mweka hazina mmoja kabla ya siku yenyewe, na mchango uhesabu ada ya uwanja, mafuta, chakula na malipo ya kedi. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Kedi anaujua uwanja kuliko kitabu chochote. Ndiye atakayemwambia mgeni kwamba nyasi zile zinaelekeza mpira mtoni. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kazi hiyo. Si haki kumtumia saa nne kisha kumwachia sarafu. Malipo yake yaulizwe ofisini na yaafikiwe kabla ya pigo la kwanza.

Atakayeendesha gari kurudi asinywe pombe, hata chupa moja. Ajali ya Juni 2023 katika makutano ya Londiani, iliyoua zaidi ya watu 50, ilionyesha jinsi barabara za kaunti hii zisivyosamehe, na ukungu wa jioni huko juu ni mzito.

Wanaotamani safari ndefu zaidi wana Muthaiga, Nairobi, ambako Mhispania Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978. Wana pia Entebbe nchini Uganda, klabu iliyoanzishwa mwaka 1901 kando ya Ziwa Viktoria. Kuvuka Busia au Malaba, Mkenya anaweza kutumia kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Gari nalo linahitaji bima inayotambulika upande wa pili, ile kadi ya njano ya COMESA, pamoja na nakala halisi ya hati ya umiliki. Ikiwa gari ni la kuazima, mwenyewe aandike barua ya idhini. Karatasi hizo zitafutwe kabla ya kulipia uwanja, kwa maana ada iliyokwisha kulipwa huenda isirudishwe gari likikwama mpakani.