Kozi za Vyuo Vikuu vya Ng'ambo: Mwanafunzi wa Theolojia kutoka Usambara Achague Ipi?

Kila mara mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza unapokaribia kwisha, wanafunzi wetu hutuuliza ni masomo gani yanayopatikana ng'ambo kwa mtu aliyesoma theolojia hapa nchini. Swali hili ni halali, wala si geni milimani kwetu. Chuo cha theolojia ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilianzia Lwandai, karibu na Mlalo, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Na kwa miaka mingi aliyetaka kusoma zaidi ya mafunzo ya uchungaji hakuwa na budi kuvuka bahari. Tatizo ni kwamba swali lenyewe huulizwa kwa mpangilio uliopinduka. Nchi hutajwa kwanza: Ujerumani, Marekani, Norwei. Kozi hutafutwa baadaye, na mara nyingine haitafutwi kabisa mpaka barua ya kukubaliwa imefika.

Katika makala hii tunapenda kueleza aina za kozi zilizopo, na kila aina inadai nini kwa mwombaji. Tunafanya hivyo kwa sababu uchaguzi huu haumhusu mwanafunzi peke yake. Mchungaji akiondoka kwa miaka miwili au mitano, usharika wenye mitaa iliyotawanyika mabondeni na vileleni huachwa mikononi mwa wainjilisti, pamoja na mchungaji jirani ambaye tayari ana mzigo wake. Ubatizo husubiri, na Chakula cha Bwana husubiri. Washarika wanaosubiri wana haki ya kujua kinachosubiriwa.

Tuanze na kozi fupi, kwa kuwa hizo hudharauliwa bila sababu. Mwanafunzi wa kubadilishana huenda chuo kingine kwa muhula mmoja au miwili, huku akiendelea kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, naye hupewa shahada yake huku nyumbani. Hapa jambo la kuelewa ni hesabu ya krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi. Katika vyuo vya Ulaya mwaka mzima wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kwetu Tanzania mwaka huhesabiwa krediti 120, na krediti moja ni saa 10. Kwa hiyo kozi ya krediti 10 kutoka Ulaya si ndogo kama inavyoonekana katika karatasi. Ina uzito wa krediti kama 20 za kwetu. Mwanafunzi asiyejua hesabu hii aweza kurudi na nusu ya kazi yake ikiwa imepotea. Yafaa makubaliano yaandikwe kabla ya safari, yakitaja kozi kwa majina yake, nayo yatiwe sahihi na vyuo vyote viwili.

Katika kundi hili la kozi fupi tunaweza kuitaja pia Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, karibu na Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1946. Kozi zake hufungamanishwa na Chuo Kikuu cha Geneva, na wanafunzi wa makanisa mengi huishi humo pamoja. Mchungaji aliyekaa Bossey kwa muhula mmoja, akisali asubuhi na Waorthodoksi na kubishana jioni na Wapentekoste, amepata jambo lisilopatikana maktabani.

Shahada ya pili katika nchi za Kaskazini mwa Ulaya ndiyo iliyowavuta wengi katika miaka ya karibuni, na sababu yake ni lugha. Chuo cha MF kilichoko Oslo, na chuo ambacho zamani kilikuwa Shule ya Misioni na Theolojia ya Stavanger na ambacho tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Chuo cha VID, vimefundisha kozi za uzamili kwa Kiingereza, zikiwa zimetayarishwa hasa kwa wageni. Huchukua miaka miwili, krediti 120, na sehemu kubwa ya mwaka wa pili ni tasnifu. Mwombaji hahitaji kujua Kinorwei, ila huonyesha cheti cha mtihani wa Kiingereza. Zamani serikali ya Norwei ilikuwa na mpango wa kuwapokea wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Mwanafunzi alipewa mkopo, na akirudi kwao baada ya masomo mkopo ule uligeuzwa kuwa msaada. Tunaona mpango ule ulikuwa na hekima kuliko mingi tuliyoisikia, maana ulimfanya anayerudi kuwa ndiye anayepata faida. Ulisitishwa katikati ya muongo wa 2010.

Hali ya ada nayo imebadilika, na wazee wetu waliosoma huko bure wasitoe ushauri kwa kutegemea kumbukumbu. Kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, Denmark ilianza kutoza ada mwaka 2006, Uswidi mwaka 2011, Finland mwaka 2017, na vyuo vya umma vya Norwei mwaka 2023. Ujerumani vyuo vikuu vingi vya umma bado havitozi ada ya masomo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, ambamo mna Tübingen na Heidelberg, limetoza Euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Aidha, mwanafunzi anayejitegemea hutakiwa kuonyesha, kabla ya kupewa viza ya Ujerumani, akiba ya mwaka mzima ya kujikimu. Kiasi hicho kilipandishwa kufikia Euro 11,904 mwezi Septemba 2024. Kwa mshahara wa mchungaji wa Lushoto fedha hizo hazizungumziki bila mfadhili.

Kuhusu Marekani, kinachowachanganya wengi ni majina ya shahada. Huko kozi ya uchungaji ya miaka mitatu, iitwayo M.Div., ni ya watu ambao tayari wana shahada ya kwanza ya fani nyingine. Kwa kiasi kikubwa mambo yafundishwayo humo ndiyo yale ambayo mwanafunzi wetu aliyepata B.D. amekwisha kuyasoma: Agano la Kale na Jipya, historia ya Kanisa, maungamo, homiletiki. Mtu wa B.D. anayekubaliwa katika M.Div. aweza kujikuta akirudia miaka mitatu aliyokwisha kuipita. Kozi inayomfaa zaidi ni ile ya mwaka mmoja au miwili iitwayo S.T.M. au Th.M., au M.A. ya fani fulani, maadamu seminari husika inakubali B.D. yake kuwa msingi wa kutosha. Hilo huulizwa kwa barua mapema, pamoja na kupeleka matokeo rasmi ya masomo. Shahada ya udaktari huko ina miaka miwili ya kozi za darasani, kisha mitihani mikubwa, ndipo tasnifu huanza. Tena vyuo vingi humdai mwanafunzi wa theolojia kusoma lugha mbili za utafiti, na mara nyingi moja ni Kijerumani.

Hapo ndipo tunapofika penye jambo ambalo twapenda kukaa nalo kidogo.

Vijana wetu hukiogopa Kijerumani, na hofu yao ina msingi. Anayetaka kusoma theolojia ya Ujerumani kwa njia ya kawaida hutakiwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, tena kwa mitihani maalumu, juu ya Kijerumani chenyewe. Ndiyo maana Watanzania wengi waliosoma huko walikwenda kwa udaktari baada ya kupata shahada ya pili mahali pengine. Udaktari wa Kijerumani hauna kozi nyingi. Mwanafunzi hupewa msimamizi mmoja, hukaa maktabani na katika semina yake, huandika. Asiye na nidhamu ya kufanya kazi peke yake hupotelea humo.

Lakini kwa mtu wa Usambara lugha hii ina maana ambayo haina kwa mtu wa mahali pengine. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891 na kupaita Hohenfriedeberg. Vuga ilifuata mwaka 1895. Misioni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Misioni ya Bethel, na mwaka 1971 iliungana na Misioni ya Rhein kuwa Umoja wa Misioni ya Kiinjili, VEM, wenye makao yake Wuppertal. Huko Wuppertal zimehifadhiwa nyaraka za misioni hiyo: barua, taarifa za vituo, shajara. Humo mna habari za vijiji vyetu, za mashauri ya ndoa na tambiko, za wakristo wa kwanza wa Kishambaa waliobatizwa na waliorudi nyuma. Sehemu kubwa iliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi bila kujifunza. Karl Roehl, ambaye alitumika Usambara, alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, na Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937. Sarufi ile nayo ni ya Kijerumani.

Ni nani atakayeyasoma hayo? Mmarekani Steven Feierman alikuja milimani hapa kufanya utafiti akiwa mwanafunzi, naye akatoa mwaka 1974 kitabu juu ya ufalme wa Washambaa ambacho hadi leo hakikwepeki. Twamshukuru. Lakini historia ya Kanisa la Usambara kwa macho ya Mshambaa, iliyopima maneno ya wamisionari kwa maneno ya wazee, yadai mtu mwenye Kijerumani na Kishambaa kwa pamoja. Kozi ya miezi kumi ya Kijerumani kabla ya masomo, ambayo wengi huihesabu kuwa hasara ya muda, kwa mwanafunzi wa namna hii ndiyo nusu ya elimu yake.

Askofu Josiah Kibira alisoma Bethel, kisha Boston, kabla ya kuwa askofu huko Bukoba mwaka 1964. Alichokiandika, na kuchapishwa Uppsala mwaka 1974, kilihusu Kanisa na ukoo miongoni mwa Wahaya. Alikwenda mbali akaandika juu ya kwao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilimchagua kuwa Rais wake.

Kadhalika twaweza kusema juu ya diakonia. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina hospitali ya wagonjwa wa akili Lutindi, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1904, na watoto wasioona husomeshwa Irente. Mwaka 2007 Dayosisi ilifungua Magamba chuo kikuu kishiriki kwa kumbukumbu ya Askofu Sebastian Kolowa, aliyefariki mwaka 1992, kikianza na shahada ya elimu maalumu. Kwa hiyo mwanafunzi anayechagua diakonia ng'ambo haendi kusoma jambo la kigeni. Fani hii imefundishwa kwa muda mrefu Diakonhjemmet, Oslo, ambayo nayo sasa imo katika VID, na huko Bethel, ambako taasisi ya sayansi ya diakonia ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Bielefeld mwaka 2022.

Tusisahau kwamba "ng'ambo" si Ulaya na Marekani tu. Pietermaritzburg, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Walutheri wana taasisi yao kando ya chuo, na mada za ardhi, uponyaji na mila hujadiliwa huko na watu wanaoziishi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, hufundisha kwa njia ya masafa, na mchungaji aweza kukisoma akiwa Mtae bila kuacha usharika. Ugumu wake ni upweke, pamoja na intaneti inayokatika wakati wa mvua. Hata hivyo kwa mtu mwenye familia na kundi twaona njia hii inafikiriwa kidogo mno.

Kuhusu njia ya kuomba: ufadhili wa Shirikisho la Kilutheri na wa VEM haumfikii mtu binafsi moja kwa moja. Maombi hupitia Kanisa, yaani Mkuu wa Jimbo, Askofu, na vikao vya Dayosisi. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani lililoanzishwa mwaka 1925, huombwa na mwanafunzi mwenyewe, na ushindani wake ni wa taifa zima. Mihula ya Ujerumani huanza Oktoba na Aprili, ile ya Kaskazini Agosti. Mwenye kutaka kuondoka mwaka ujao aanze kukusanya vyeti mwaka huu.

Arudipo, shahada yake itapelekwa kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe. Pasipo utambuzi huo hawezi kuajiriwa kufundisha chuo kikuu hapa nchini, hata awe amesoma wapi. Ni vema aiulize Tume juu ya chuo anachokitaka kabla ya kukubali nafasi. Tena tungeshauri barua ya Dayosisi inayomruhusu kuondoka itaje kazi atakayoifanya akirudi, mahali pake, na nyumba atakayokaa. Barua za namna hiyo tumeziona chache.