Ndoa ikivunjika, nyumba ni ya nani?

Mu miji ya migodi, kutoka Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, neno la kuachana halimalizi mambo. Mara nyingi njo linaanza vita ya mali. Bwana anasema: «Nyumba njo yangu, jina ku mukanda iko yangu.» Bibi anajibu: «Na miye nilikuwa nauzisha ku soko, franga yangu njo iliingia mu matofali.» Jamaa wanasimama nyuma ya kila mmoja, na nyumba inabaki katikati.

Sheria inasema nini? «Code de la famille» yetu ilitoka tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inawapa wenye kuoana njia tatu: kila mutu abaki na mali yake, ao mali yote iwe ya pamoja, ao ile tu iliyopatikana ndani ya ndoa iwe ya pamoja. Kama siku ya kuoana hamukuchagua kitu, sheria inawawekea hii ya tatu. Mu mikanda ya tribinali inaitwa «communauté réduite aux acquêts».

Kwa familia ya mufanyakazi wa mugodi, ile ni neno kubwa. Mushahara ni matunda ya kazi, na mu namna hii ya ndoa matunda ya kazi ni ya wote wawili, hata kama franga inaingia ku konti ya bwana peke yake. Parseli iliyonunuliwa na mushahara ule, motokari, mashine ya kusaga, faida ya bibi ku soko: vyote vinaingia mu kapu moja. Inje ya kapu kinabaki kile mutu alikuwa nacho mbele ya ndoa, na kile alipewa ao alirithi yeye peke yake. Nyumba ya kampuni nayo haimo: ile ni ya kampuni, munakaa mule juu ya kazi.

Na jina ku «certificat d'enregistrement»? Inaonyesha nani aliandikwa, lakini kati ya bwana na bibi haitoshi kumaliza maneno. Juji atauliza: ilinunuliwa lini, na franga ya wapi? Wakiachana, madeni ya pamoja yanalipwa, kisha kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu.

Hapa njo watu wengi wanaanguka. Mu kesi ya mali, juji hazunguki mu quartier kutafuta ukweli wenu. Anakata neno na vile munamuletea. Mutu akisema «kitu hii ni yangu», yeye njo anapashwa kuonyesha.

Kesi inaanzia ku «tribunal de paix». Mwenye kuomba talaka anapeleka barua yake yeye mwenyewe mbele ya président. Président anajaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, kesi inaendelea mbele ya tribinali. Kati ya siku ya kupokea barua ya kuitwa na siku ya kusikilizwa, sheria inaomba siku nane kamili, na siku moja ya kuongeza kwa kila kilometa 100 za mbali. Bwana anayefanya kazi Kolwezi na kuitwa Lubumbashi, karibu kilometa 300, anapewa zile siku juu apate kujitayarisha.

Kisha kunakuja neno ambalo linachosha watu: «remise». Upande mumoja haukuleta mikanda, ao avoka wa pili hajaiona bado, na juji anaruka tarehe. Hawezi kukata neno juu ya mukanda ambao upande wa pili haukuona. Basi mwenye kuleta mikanda yake yote siku ya kwanza, na kopi ya upande wa pili, anajipunguzia safari na franga ya avoka.

Wakati tarehe zinarukaruka, mali nayo inaweza kutembea. Motokari inaandikwa jina ya ndugu, parseli inauzishwa usiku. Musingojee hukumu. Sheria ya 2016 inaomba bwana na bibi wakubali wote wawili mbele ya kuuzisha nyumba, hata kama walichagua namna gani ya mali. Tena, kesi ikiisha kuanza, unaweza kuomba tribinali mipango ya haraka: nani abaki mu nyumba, nani alishe watoto, mali ya pamoja ilindwe namna gani. Lakini ni vizuri kuomba wewe mwenyewe. Mwenye kunyamaza anaweza kukosa.

Mikanda gani? Ule wa ndoa, juu tarehe yake njo inatenganisha mali ya mbele na ya ndani. Ule wa kununua parseli. «Bulletins de paie». Reçu za simenti na manjanja. Majina ya fundi aliyejenga na majirani waliona. Mwenye kuchimba kwa mukono hana «bulletin»: karte yake ya kuchimba ni ya mutu mwenyewe, haigawanywi, lakini nyumba aliyojenga na franga ya madini wakati wa ndoa inaingia mu kapu. Achunge karatasi za koperative na za wanunuzi.

Kuko tena tatizo ya wale waliooana mu jamaa tu. Mahari ililipwa, watu walikula, lakini hakuna aliyefika ku commune. Sheria inakubali ndoa ya jamaa, ila inaomba iandikishwe. Bila ile, siku ya ugomvi bibi ataanza kwanza kuhakikisha kama aliolewa, mbele ya kusema neno la nyumba. Mukaandikishe sasa, wakati munasikilizana na wazee walioshuhudia wangali wazima.

Hukumu ikitoka na hauikubali, uko na siku 30 za kukata rufani ku «tribunal de grande instance». Siku hizo zinapita mbio kwa mutu mwenye kufanya zamu ya usiku. Siku ile unapokea hukumu, uliza ku grefe tarehe ya mwisho, uiandike.

Na wale ambao hawana kesi yoyote: bwana na bibi wote wawili wajue mikanda ya nyumba inawekwa wapi, na kila mumoja awe na kopi yake.